Kupunguza kitambi ukiwa Dar es Salaam: anza jikoni, jimu ije baadaye

Naanza na msimamo wangu ili tusipotezeane muda. Mkazi wa Dar es Salaam anayetaka kupunguza uzito asianze na jimu. Aanze na kikombe, sufuria na sahani, kisha miguu yake mwenyewe. Jimu itafuata kama pesa na nafasi vinaruhusu. Kila Januari naona watu wanalipia mwezi mzima, wanajitesa wiki mbili, halafu wanarudi kwenye soda na chipsi wakiamini kwamba unene ni wa ukoo na hauna dawa. Wengi wao walikuwa hawajagusa hata kitu kimoja jikoni kwao.

Tazama hesabu yenyewe. Mtu wa kilo 75 akitembea kwa kasi saa nzima anatumia kalori 250 hadi 300 hivi. Sahani ya chipsi mayai inazipita hizo kirahisi mara mbili, na inaliwa kwa dakika kumi. Mazoezi yana kazi kubwa sana mwilini na nitayafikia, lakini hayawezi kufuta kila kinachoingia mdomoni.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio. Kila hatua ipe wiki mbili iwe mazoea kabla ya kuongeza nyingine. Anayebadilisha kila kitu Jumatatu moja huwa amechoka kufika Ijumaa.

Hatua ya 1: Pima kiuno, presha na sukari

Mzani peke yake hautoshi. Watu wawili wenye kilo 82 wanaweza kuwa na afya tofauti kabisa: mmoja ana misuli, mwingine ana mafuta yaliyojazana tumboni kuzunguka ini na utumbo. Hayo ya tumboni ndiyo yanayosogeza kisukari na magonjwa ya moyo karibu, kwa hiyo pima kiuno.

Nunua futi ile laini ya fundi cherehani. Simama wima bila kuvaa mkanda, pumua nje kawaida bila kuvuta tumbo ndani, kisha zungusha futi katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa juu wa nyonga. Usiikaze hadi ikabonyeza ngozi. Kwa mwanamke, kuanzia sentimita 80 hatari imeanza kupanda, na kuanzia 88 imepanda sana. Kwa mwanaume ni 94 na 102. Andika namba na tarehe kwenye daftari au kwenye simu, kwa sababu kichwa kina tabia ya kusahau namba zisizopendeza.

Halafu nenda zahanati au kituo cha afya kilicho karibu upime presha na sukari kabla ya kula asubuhi. Presha ikirudiarudia kusoma 140/90 au zaidi, au sukari ya kabla ya kula ikifika 7.0 mmol/L, hilo ni la kujadili na daktari, usibaki nalo nyumbani. Wengi hapa mjini wanagundua presha siku wameanguka. Inaniuma, maana kipimo chenyewe kinachukua dakika tano.

Hatua ya 2: Sukari ya kunywa

Hapa ndipo pa kuanzia kwa sababu ni rahisi kuliko pote na matokeo yake yanaonekana mapema. Chupa ya soda ya mililita 350 ina takribani gramu 35 za sukari. Ongeza vikombe viwili vya chai, kila kimoja vijiko vitatu vidogo, unapata gramu nyingine 24 hivi. Hapo umefika karibu gramu 60, na hatujagusa juisi ya miwa, uji wa jioni wala andazi. Shirika la Afya Duniani (WHO) linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, yaani kama gramu 50 kwa anayekula kalori 2,000, na ikiwezekana ishuke hadi nusu ya hapo.

Chai usiiache, ipunguzie kijiko kimoja kila wiki. Ulimi unazoea haraka, na tangawizi, iliki au mchaichai vinasaidia kuziba pengo. Kwa wageni na sherehe soda ipo, lakini ndani ya friji la nyumbani isikae. Juisi ya matunda ya kusaga, hata ile ya nyumbani isiyo na sukari, inakuingizia matunda manne kwa mkupuo bila kukushibisha kama ungeyatafuna. Kula embe lenyewe. Dafu moja baada ya matembezi ya jua halina ubaya.

Wanywaji wa bia wajue kwamba chupa ya nusu lita ina kalori zinazokaribia 200. Nne za Ijumaa, na nyama choma pembeni, zinarudisha juhudi za siku kadhaa.

Hatua ya 3: Chupa ya mafuta ya kupikia

Hii ndiyo hatua ninayoisisitiza kuliko zote, kwa sababu mafuta hayaonekani kwenye sahani. Mtu anakula mchicha anadhani yuko salama, kumbe mchicha umeogeleshwa. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, wakati gramu ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kama kalori 120, yawe ya alizeti, ya mawese au yoyote yanayosifiwa kwenye tangazo. Alizeti ni nzuri kwa moyo kuliko mafuta yanayoganda, hilo kweli, lakini kwenye kunenepesha yote ni sawa.

Fanya hivi. Siku unayofungua chupa mpya ya lita moja, chukua kalamu ya maka uandike tarehe ubavuni. Ikiisha, hesabu siku. Familia ya watu wanne ikimaliza lita moja kwa siku tano, kila mmoja anakula mililita 50 kwa siku, sawa na kalori 400 na ushee za mafuta matupu. Lengo la kwanza ni chupa hiyo hiyo ifike siku kumi. Hakuna atakayelala njaa, na bajeti ya nyumbani itapumua.

Kufika siku kumi kunahitaji mambo machache ya mikono. Acha kumimina kutoka kwenye chupa moja kwa moja, pima kwa kijiko. Kitunguu kikaange kwa kijiko kimoja, kikianza kushika chini ya sufuria ongeza maji kidogo badala ya mafuta, kisha nyanya itamaliza kazi. Samaki mbichi wa soko la Feri, awe changu au kibua, mpike mchuzi au mpake ndimu, kitunguu saumu na chumvi kidogo umchome kwenye jiko la mkaa. Wa kukaanga awe wa siku moja moja. Dagaa wakaushe kwenye kikaango kikavu kwanza, wakishatoa harufu ndipo uweke kijiko cha mafuta na nyanya.

Na nazi, maana sisi wa Pwani hatuwezi kuiruka. Tui la kwanza, lile zito, ndilo limebeba sehemu kubwa ya mafuta. Kwa mboga za kila siku kama kisamvu, matembele na kunde, tumia tui la pili, na utamu unabaki. Tui la kwanza liwe la Ijumaa, la sikukuu, la mgeni. Ukishaweka nazi, usiweke tena mafuta ya chupa kwenye sufuria hiyo hiyo. Watu wengi wanaweka vyote viwili kwa mazoea tu.

Chumvi nayo ipunguzwe wakati huo huo. Kiwango cha mtu mzima kwa siku ni chini ya gramu 5, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, pamoja na ile iliyomo kwenye viungo vya paketi. Kichupa cha chumvi mezani kiondoe kabisa.

Hatua ya 4: Sahani ya mchana

Wafanyakazi wengi wa mjini tunakula mchana kwa mama ntilie, na wala sioni ubaya. Maharage, mchicha, samaki wa mchuzi, bamia, tunda pembeni: huwezi kupata chakula bora zaidi kwa bei hiyo. Kasoro iko kwenye vipimo. Wali unajaa kama kichuguu, maharage yanapewa kona, mboga ni kijiko kimoja cha kupamba.

Ongea kabla hajapakua. "Shikamoo mama, naomba wali nusu, niongezee maharage na mboga." Ukiwa mteja wa kila siku, ndani ya wiki hutahitaji kusema tena, atakuwa anakujua. Anayekataa kuongeza mboga bila malipo, mlipe hiyo nyongeza. Sahani unayoitafuta ina nusu mboga na kachumbari, robo protini, robo wanga. Ugali kipimo chake ni ngumi yako mwenyewe, si ngumi ya jirani. Dona ikipatikana ichague mbele ya sembe, kwa sababu haijakobolewa, nyuzinyuzi zake zipo na shibe yake inakaa muda mrefu.

Anza kula maharage na mboga, wali umalizie. Halafu kaa dakika kumi na tano kabla ya kuomba nyongeza. Mara nyingi hamu inakuwa imepita.

Asubuhi sina maneno mengi. Chapati mbili na chai ya maziwa yenye sukari ni unga, mafuta na sukari, na saa 5 njaa imerudi. Mayai mawili ya kuchemsha na muhogo au kiazi kitamu cha kuchemsha vinakufikisha mchana bila kuhangaika.

Hatua ya 5: Jioni na foleni

Nasema wazi kwamba adui wa kiuno cha mkazi wa Dar ni safari ya kurudi nyumbani. Unatoka kazini saa 11, unasimama kwenye daladala au unagombania mwendokasi, unafika Mbagala, Kimara au Gongo la Mboto saa 2 au saa 3 usiku ukiwa na njaa ya kufa. Hapo mtu yeyote atanunua chipsi kuku kwenye kona, au atakula ugali wa watu wawili halafu alale.

Dawa yake ni kula kidogo kabla hujaondoka kazini au ukiwa kituoni. Yai la kuchemsha la wale vijana wanaopita na kachumbari na pilipili, kiganja cha karanga, ndizi mbivu mbili, hindi la kuchemsha. Kimoja kinatosha. Ukifika nyumbani njaa yako ni ya kawaida, unaweza kula mboga nyingi, kipande cha samaki au maharage na ugali kidogo. Ipite hata saa moja na nusu kabla ya kupanda kitandani.

Kulala nako ni sehemu ya kazi hii. Aliyelala kwa muda wa saa tano tu anaamka na uchu wa vitu vitamu na mafuta. Simu iache mbali na kitanda, dirisha liwe na wavu wa kuzuia mbu ili upepo uingie.

Hatua ya 6: Miguu

Sasa mazoezi. Kipimo kinachotolewa kwa watu wazima ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za mwendo wa wastani, ule unaoweza kuongea lakini huwezi kuimba. Nusu saa kwa siku tano inatosha kuanzia. Moyo, presha, sukari, usingizi na mawazo vyote vinafaidika hata kama mzani haujasogea, na ndiyo sababu nawasihi hata wembamba watembee. Mwembamba anayekaa kitini kuanzia asubuhi mpaka usiku hayuko salama.

Joto letu ni la kuheshimu. Kuanzia Desemba hadi Machi jua na unyevunyevu wa bahari vinaufanya mwili ushindwe kujipoza, maana jasho halikauki. Toka saa 12 asubuhi na uwe umerudi kabla ya saa 1 na nusu, au subiri saa 12 jioni. Kunywa maji kabla ya kutoka. Mkojo ukiwa na rangi ya njano iliyokolea, umechelewa kunywa. Kizunguzungu, kichefuchefu, au jasho kukatika ghafla huku mwili unawaka ni amri ya kusimama, kukaa kivulini, kujimwagia maji na kuomba msaada.

Mahali pa kwenda pako pengi. Coco Beach asubuhi ya Jumamosi imejaa watu, na ukitokea pale unaweza kupanda Daraja la Tanzanite lililofunguliwa mwaka 2022. Daraja lenyewe lina urefu wa kilomita 1 hivi, na upepo wa bahari unasaidia. Walio karibu na Ubungo wana vilima vya Chuo Kikuu, Mlimani, vyenye miti na magari machache. Wengine tuna mitaa yetu ya vumbi, nayo inafaa. Tembea upande wa kulia ili magari uyaone yakija, lakini geuza shingo pande zote, bodaboda haina upande.

Dada anayeogopa kutoka peke yake alfajiri, na ana haki ya kuogopa, ajiunge na klabu ya jogging ya mtaani. Karibu kila kona ya jiji ina klabu, na Jumapili utawasikia kabla hujawaona, fulana za rangi moja na nyimbo njia nzima. Humo wamo wazee, wanene, wagonjwa wa presha, na hakuna anayeachwa nyuma. Mwishoni mwa 2016, Samia Suluhu Hassan akiwa Makamu wa Rais, aliwahimiza Watanzania kuifanya Jumamosi ya pili ya kila mwezi kuwa siku ya mazoezi. Mimi nashauri uichukue hiyo kama siku ya kuanza, kisha uongeze siku nyingine nne za wiki.

Viatu ndiyo gharama pekee ninayoitetea. Raba za mtumba zenye soli nene isiyolika upande mmoja zinatosha. Kandambili zitakuumiza kisigino.

Hatua ya 7: Ndoo na dumu

Mtu anayepunguza uzito bila kutumia misuli anapoteza misuli pamoja na mafuta, na mafuta yakirudi misuli hairudi nayo. Siku mbili kwa wiki fanya mazoezi ya nguvu. Vifaa unavyo: dumu la lita 5 likijaa maji ni kilo 5, ndoo ya lita 20 ni kilo 20.

Chuchumaa na kusimama mara kumi, ukishika kiti kama magoti hayana nguvu. Piga pushapu kumi, za ukutani kwa anayeanza, baadaye kwenye ukingo wa kitanda, baadaye sakafuni. Shika dumu mbili ulivute kila moja kutoka usawa wa goti hadi mbavuni mara kumi, mgongo umenyooka. Beba ndoo tembea nayo uani, badilisha mkono. Pumzika dakika mbili, rudia mzunguko mara tatu. Ndani ya miezi miwili utaona ngazi za ofisini zimekuwa fupi.

Kufunga, chai za tumbo na nailoni

Kufunga kumekuwa gumzo nchini, hasa kupitia Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo Jakaya Kikwete na baadaye Hospitali ya Taifa Muhimbili kabla ya kuchaguliwa mwaka 2025 kuongoza WHO Kanda ya Afrika. Maoni yangu ni kwamba kufunga kunasaidia pale tu kunapopunguza jumla ya chakula. Anayefunga mchana akafuturu kwa kaimati, tambi za sukari, viazi vya nazi na sharubati, kisha daku ya nguvu, anaweza kumaliza Ramadhani na kilo zimeongezeka. Futari ya tende, maji, uji mwepesi, samaki na mboga inatosheleza.

Chai za kupunguza tumbo zinazouzwa mitandaoni nazikataa moja kwa moja. Nyingi ni dawa za kuharisha. Zinatoa maji na uchafu, mzani unashuka siku tatu, mafuta yako palepale. Bidhaa yoyote inayodai kuwa dawa, uliza kama imesajiliwa na TMDA, yaani Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, na muuzaji akianza kuzungukazunguka, ondoka. Kujifunga nailoni tumboni ukakimbie kwenye joto la Dar ni hatari ya kweli. Kinachopungua ni maji ya mwili, na unaweza kuzimia barabarani.

Maneno ya watu

Ukipungua, jiandae kuulizwa. "Mbona umekonda hivyo, unaumwa?" Shangazi ataleta wasiwasi, mfanyakazi mwenzako atanong'ona, mama mkwe atahisi mwanawe halishwi. Kwetu unene umekuwa ukisomwa kama raha kwa muda mrefu, na kukonda kama maradhi. Jibu kwa upole na kwa ufupi: "Niko salama, shangazi, nimepunguza sukari na mafuta, presha yangu imeshuka." Namba ya presha inawatuliza watu kuliko maelezo marefu. Na wewe uliyeshika njia hii usigeuke kuwasimanga wanene wa familia yako mbele za watu. Aibu haijawahi kumpunguza mtu.

Mume na mke waanze pamoja ikiwezekana. Baba anayedai wali wa nazi na nyama ya kukaanga kila usiku anamfungia mkewe mlango hata kama hasemi neno.

Utegemee nini, na nani aanzie kwa daktari

Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri, na baada ya miezi miwili mitatu kasi hiyo itapungua. Kwa mtu wa kilo 90, kupoteza kilo nne na nusu tu, yaani asilimia 5, tayari kunaweza kusaidia presha na sukari. Pima kiuno kila mwezi, tarehe ileile, asubuhi kabla ya kula.

Wafuatao waonane na daktari kabla ya kubadilisha chakula au kuanza mazoezi mazito: anayetumia insulini au vidonge vya kisukari, kwa sababu akipunguza chakula sukari yake inaweza kushuka ghafla; anayetumia dawa za presha, ambaye huenda dozi yake ikahitaji kurekebishwa, na asiiache kwa uamuzi wake; mjamzito na anayenyonyesha; mwenye maumivu ya kifua au anayehema akipanda ngazi chache. Na kama unapungua bila kujaribu, una kikohozi kisichoisha, jasho la usiku, au kiu na kukojoa mara kwa mara, usifurahie mzani. Nenda ukapimwe kifua kikuu na kisukari wiki hiyo hiyo.